Mistari Mitatu ya Msasa

Watu wananiambia nimezidi, nipunguze. Siwezi kupunguza. Hasira hizi ninazo tangu Jumamosi ya mwisho ya mashindano. Nalala nazo, naamka nazo, na asubuhi nikipakia mikate kwenye gari la kiwanda zinapanda nami na kukaa kiti cha abiria. Kaka yangu, aliyeonewa hasa, hana hasira hata kidogo. Hilo ndilo linalonichemsha kuliko yote.

Mtaani wanamwita Kipimo. Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, shati limebanwa vizuri ndani ya suruali hata akiwa chini ya gari. Mfukoni hakosi kalamu ya risasi, kitambaa safi na kile kipimo chenye vipande vyembamba vya chuma ambacho mafundi hupimia nafasi ya valvu. Ukimkaribisha chakula atakagua kwanza kama meza imekaa sawa. Wifi yangu, yaani mkewe, husema siku alipokwenda kumposa alisimama mlangoni, akautazama, akasema umepinda kushoto, ndipo akakumbuka kusalimia wazee.

Huyo ndiye aliyeitwa mzembe. Nirudie ili mnielewe: mzembe. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya kampuni kubwa ya magari. Siku moja gari la mteja likarudi likiburutwa, breki hazina mafuta. Aliyesaini kwamba gari limekaguliwa ni msimamizi wa karakana, kwa mkono wake mwenyewe, na boneti hakuifungua. Aliyefukuzwa ni kaka yangu. Barua ikasema "mzembe na mdanganyifu", ikagongwa muhuri. Kila gereji aliyoomba kazi baada ya hapo walimpigia simu msimamizi, na kila walipokata simu nafasi ilikuwa imejaa. Akaishia kufungua kazi chini ya bati, nyuma ya nyumba yetu, anatengeneza pampu za maji na mikokoteni.

Mbio zilianza kama wazo langu. Kuna chama cha mashindano ya magari ambacho kila baada ya wiki chache hufunga barabara za eneo la viwanda, Jumamosi, watu wa kawaida wakashindana. Daraja la chini kabisa ni la magari yaliyotoka kiwandani kwa ajili ya kwenda kazini na sokoni. Unaruhusiwa kuongeza vitu vya usalama na kubadilisha kilichochakaa. Injini inabaki kama ilivyozaliwa. Msimamizi naye alikuwa akishindana humo, gari lake likiandaliwa na karakana nzima ya kampuni, na misimu mitatu mfululizo kombe lilikwenda kwake. Lakini kombe silo lililonivuta. Kwenye sheria za chama kulikuwa na kifungu kimoja: fundi ambaye gari lake litamaliza msimu mzima, mbio saba, bila kosa lolote la kiufundi, anapewa idhini ya kufunga lakiri za injini, yaani mihuri inayothibitisha kwamba injini imekaguliwa. Na kila injini ya daraja hilo lazima ifungwe lakiri upya kabla ya kila mbio. Maana yake, kila mtu, akiwemo msimamizi, angelazimika kumletea kaka yangu injini yake na kuondoka na saini yake. Ile barua ingebaki karatasi tu.

Nilimsomea kile kifungu. Akaniuliza, "Nani ataendesha?"

"Mimi."

"Umezoea gari la mikate."

"Miaka kumi na tisa nakata kona na trei mia moja na hamsini nyuma, hakuna mkate ulioanguka. Niambie nani mwingine unayemjua."

Alifikiri, akakubali. Huyu mtu hukubali jambo likiwa sahihi hata kama limesemwa kwa kiburi.

Gari nilikuwa nimeshalichagua. Jekundu, milango miwili, linauzwa jirani na kiwanda cha mikate, ukiliwasha watu wanageuka. Kaka alilizunguka mara moja akiwa amefunga mikono nyuma. "Umeona mengine kama hili barabarani?"

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake."

"Ndiyo ubaya wake."

Akanichukua hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Nilidhani anatafuta spea, kumbe anatafuta gari. Akapita kati ya yale mabaki akiyahesabu kwa kalamu. La aina ya lile jekundu hakukuta hata moja, akasema basi likivunjika kitasa tu tutakaa tukisubiri meli. Aina ya pili, ambayo washindani wengi walikuwa wakiisifia nguvu zake, alikuta mawili, na yote yamenyofolewa giaboksi. "Unaona? Kila anayekuja hapa anatafuta giaboksi. Kwa hiyo ndiyo inayokufa." Kisha akanipeleka pembeni, kwenye magari madogo meupe ya milango minne, sura kama friji iliyolazwa. Alihesabu kumi na moja. Yalikuwa yamenyofolewa taa, vioo, milango. Giaboksi zote kumi na moja zilikuwa bado zimo, zimejaa vumbi, hakuna aliyezitaka.

"Hili," akasema.

Nililia moyoni. Sikutaka kuonekana ndani ya friji. Lakini alikuwa ameshaeleza: jepesi, matairi yake ndiyo ya teksi kwa hiyo yanapatikana kila kona, na vitu vinavyovunjika ni vile vinavyouzwa kila duka. Tukalipata moja zima kwa mkunga mstaafu aliyekuwa akienda nalo kanisani tu. Alipouliza tunalitakia nini, kaka, asiyejua kudanganya hata kwa heshima, akamjibu, "Mbio, mama." Mkunga alicheka mpaka akavua miwani.

Tulilijenga miezi mitano. Sheria za daraja letu zina kurasa kumi na nne na kaka alizikariri zote, pamoja na ile inayosema kapeti ya nyuma isitolewe. Akaweka kizimba cha mabomba ndani ya gari ili likipinduka nisibanwe, akakichomelea kwa siku tisa kwa sababu siku ya nne alikuta bomba moja limetofautiana na mwenzake kwa unene wa kucha. Kiti kimoja cha mbio, mkanda wa kunifunga kama mzigo. Bushi mpya, shokabzoba mpya za aina ile ile ya kiwandani, mipira ya breki mipya, radieta ikasafishwa. Nilimwomba aiguse injini kidogo tu, hata kidogo. Akanitazama kama nimemwomba aibe. "Mwendo tutaupata kwenye breki zisizochoka," alisema. "Injini ni ya kiwanda. Mimi ni mlinzi wake."

Na ikawa hivyo. Mbio sita za kwanza tulimaliza wa tano, wa nne, wa tatu, wa tatu tena, wa pili, wa pili. Kila baada ya mbio mkaguzi alitupimia gari na kuandika "safi". Msimamizi akaacha kutusalimia.

Sasa nije kwenye kosa. Nitalisema kama lilivyokuwa, bila kujipamba.

Baba yetu alikuwa fundi bati, wa ndoo na mifereji ya paa. Karakana yake ilikuwa na amri moja tu: ukikuta ukingo unaokata, uusugue kabla hujampa mwenzako kile kitu. Huulizi kazi ni ya nani. Vidole vya baba vilikuwa na makovu kama ramani na hakutaka vyetu viwe hivyo. Tulikua hivyo, mimi na kaka. Mpaka leo trei za mikate zikija mpya mimi huzisugua pembe kabla wenzangu hawajazishika, na hakuna aliyenituma.

Wiki moja kabla ya mbio za saba, gasketi ya injini ilianza kuvujisha. Kaka akafungua silinda hedi, lile pande la aluminiamu linalokaa juu ya injini na kupitisha hewa, akanipa nilioshe kwa mafuta ya taa wakati yeye anakwenda kutafuta gasketi. "Osha tu," aliniambia. "Usiongeze, usipunguze." Nikamwambia nimesikia.

Nilikuwa nimekasirika siku hiyo pia. Meneja wa kiwanda alikuwa amenikatalia ruhusa ya Jumamosi, na nilikuwa nikiosha huku nikimjibu kichwani maneno ambayo sikuweza kumjibu ofisini. Ndani ya njia ya hewa ya tatu kulikuwa na kijimeno cha chuma, kimebaki tangu hedi ilipomiminwa kiwandani. Kikanikata kidole cha kati. Nikatukana, nikanyonya damu, nikachukua kipande cha msasa kwenye rafu, nikavuta mara tatu. Kijimeno kikaisha. Nikakausha hedi, nikaifunika kitambaa, nikaendelea kugombana na meneja. Kama ungeniuliza jioni ile nimefanya nini, ningekuambia nimeosha.

Siku ya mbio nilikwenda bila ruhusa. Msimamizi aliongoza tangu mwanzo. Mzunguko wa tisa nikaanza kunusa breki zake. Mtu akikanyaga kwa hasira breki zinachoka, na mimi, niliye na hasira kuliko wote, nikiwa kwenye usukani nakuwa mpole kwa sababu ya trei. Mzunguko wa kumi na mbili, kwenye kona ya maghala, akachelewa kusimama, akatanuka nje, nikapita ndani yake na friji yangu. Nilimaliza mbele yake kwa urefu wa magari mawili. Wifi yangu alikuwa amepanda juu ya pipa anapiga kelele na kanga imemvuka. Nikapewa kombe la siku hiyo. Nikalibana kwapani na kumtafuta kaka.

Msimamizi hakunipa mkono. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mkaguzi, akaandika malalamiko, kisha akageuka ili wote wasikie. "Fungueni hiyo injini. Huyu fundi mimi namjua. Nilimfukuza kwa udanganyifu."

Kaka alifurahi. Naapa alifurahi. Mafundi wote aliofanya nao kazi walikuwepo, wenye sare za kampuni, na sasa wangeona kwa macho yao. Alinawa mikono, akatandika kitambaa, akafungua injini ile boliti moja moja na kuzipanga kwa mstari kama anaandaa meza ya wageni.

Mkaguzi ni mama mmoja mtu mzima, mhandisi wa mabomba ya maji, hana maneno mengi. Akapima pistoni. Sawa. Akapima valvu. Sawa. Akawasha tochi akamulika njia za hewa. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akaingiza kidole, akakitoa, akamulika tena.

"Hapa pamepitishwa msasa," alisema.

Ndipo nikakumbuka.

Kaka aliinama kutazama. Sheria inasema njia ya hewa isiguswe, hata kijimeno, kwa sababu wapo wanaosugua humo ili hewa ipite kwa kasi. Ile mistari yangu mitatu haikuongeza kasi hata ya sisimizi, lakini sheria haina sisimizi. Akaiona: mistari mitatu iliyonyooka. Kaka husugua kwa kuzungusha, siku zote. Mimi huvuta kuelekea kifuani. Hakuhitaji kuuliza. Akainua kichwa, akanitazama, na machoni mwake hamkuwa na lawama yoyote.

"Nani alikuwa na hedi hii mkononi?" mkaguzi akauliza.

Dereva akikutwa amegusa injini, leseni yake ya mbio inachukuliwa moja kwa moja. Hilo lilinipitia. Kombe lilikuwa kwapani, hilo nalo lilinipitia. Watu walikuwa wengi, na msimamizi alikuwa amesimama karibu hivi. Naweza kuwapangia sababu mpaka kesho. Niliogopa, basi. Kaka alichukua kitambaa chake, akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Mimi," akasema.

Mkaguzi akamgeukia. "Una hakika?"

"Ndiyo."

Akaletewa karatasi ya kukiri kosa. Akasaini. Msimamizi akawageukia mafundi wenye sare na kusema, "Si niliwaambia?" Hapo nililipuka. Nilimwita mwizi, nikamwita mnafiki, nikamkumbusha breki zisizo na mafuta mbele ya watoto wake, nikamrushia kombe likampiga gotini. Ilibidi wanishike wanaume wawili. Sauti ya kutukana niliipata, tena kubwa. Sauti ya kusema maneno mawili, "Ni mimi," sikuipata.

Tukirudi nyumbani nilitukana njia nzima, na tulipofika nikaendelea. Msimamizi, mkaguzi, chama, kiwanda kilichoacha kijimeno kwenye hedi. Kaka alimwambia mkewe, "Nimekosea mahali," akaingia kuoga. Wifi alibaki na mwiko mkononi. "Yeye? Akosee?" Akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria. Nilikwenda chumbani kwangu nikiwa nimemkasirikia na yeye.

Jumatatu nikaenda ofisi ya chama, na sare yangu ya mikate. Nikaweka leseni juu ya meza ya katibu. Nikamweleza yote: mafuta ya taa, kijimeno, kidole, msasa. Nikamwonyesha kovu. Katibu ni kijana mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaisukuma leseni kurudi upande wangu.

"Dada yangu, tunakuelewa. Hata mimi ningemtetea kaka yangu."

"Simtetei! Nakwambia ni mimi!"

"Fundi amekiri mbele ya mashahidi na amesaini. Faili limefungwa." Akashusha sauti. "Na kama kweli ni wewe, mbona hukusema? Si mlikuwa mmesimama pamoja?"

Nikachukua leseni yangu, ambayo hakuna aliyeitaka, nikatoka nikiubamiza mlango mpaka kioo kikalia.

Nilimkuta kaka chini ya bati, amekaa kwenye kigoda, pampu ya jirani imefunguliwa mbele yake. Nikamwanzia kabla sijafika. Nani alimtuma anibebee? Mimi ni mtoto? Miaka yote hii tumehangaika ili jina lake lisafishwe, halafu analipaka matope mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kosa langu! Na sasa nimesema ukweli na hakuna anayeniamini, wananiona dada mwema anayemfichia mdanganyifu! Nilipiga teke ndoo ya boliti, zikatawanyika uwanja mzima.

Alingoja nimalize. Kisha akainuka, akaanza kuokota boliti.

"Sikukubebea," alisema. "Nilikuona umeshikwa na woga, nikasema 'mimi' ili upate nafasi ya kuvuta pumzi. Nilijua utanikatiza."

Aliokota nyingine mbili, akazifuta vumbi.

"Hata kalamu nimeishika," akasema, "nilikuwa bado nakusubiri."